Mshipa Uliopita Juu ya Mtulinga

Mwezi uliopita waliniita mjini Baraka kwenye mkutano wa wauguzi wazee, sisi tuliobaki, ambao sasa tunaenea kwenye benchi mbili. Walitulisha wali na mgebuka wa kukaanga, wakatuvisha vitambaa shingoni, kisha kijana mmoja mwenye kipaza sauti akasimama kueleza habari zangu. Alisema kwamba katika miaka ya hamsini, nikiwa bado sijaoa, nilimwokoa mama mmoja wa Swima aliyekata pumzi juu ya meza ya upasuaji, na kwamba tangu siku hiyo sindano yangu haikukosea hata mara moja. Watu wakapiga makofi. Nikaomba kipaza sauti, nikawaambia kwamba habari hiyo imesimamishwa kichwa chini miguu juu: aliyekaribia kumuua yule mama ni mimi, na waliomwokoa ni wengine. Wakapiga makofi zaidi. Kijana akanishika bega, akawaambia watu watazame unyenyekevu wa wazee wetu. Nikarudia polepole, kama ninavyomsomea mgonjwa kiziwi maagizo ya dawa. Mama mmoja wa mstari wa mbele akafuta machozi. Hapo nikachoka, nikaketi, nikamalizia samaki aliyekwisha kupoa.

Nimechoka kusifiwa kwa kosa langu mwenyewe. Nimejaribu kulisema kanisani, kwenye matanga, kwa wajukuu, na kila mara linanirudia likiwa limepambwa. Basi naliandika, maana karatasi haipigi makofi. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kazi, katika hospitali ndogo ya pwani ya ziwa ambayo sitaitaja jina, kwa sababu kuta zake hazina kosa lolote. Nilikuwa nimetoka shule ya wamisheni na miaka yangu mitatu ya sekondari, halafu nikapata mafunzo ya uuguzi, na nilifika kazini nikiamini kwamba vitu vyote vinavyofaa kujulikana vilikwisha kuandikwa na mtu fulani mahali fulani, na kwamba kazi yangu ni kukumbuka ukurasa.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na madirisha mawili yaliyopakwa chokaa mpaka nusu, ili watu wa nje wasichungulie. Juu ya ile nusu uliona tu milima ya upande wa Fizi, na mara nyingi mvua ikishuka kutoka huko. Meza ilikuwa ya chuma, baridi asubuhi, moto mchana. Kwenye kona lilikuwapo jiko la spiriti ambalo juu yake tulichemshia sindano, na harufu yake pamoja na ya etha, ile dawa ya usingizi, ilikaa kwenye nguo zangu hata nikila. Daktari alikuwa Mbelgiji mrefu aliyeshuka kutoka Fizi mara mbili kwa wiki kwa gari lake. Watu walimpa jina la Bwana Kimya. Hakuwa mpole wala mkali. Alikuwa hataki maneno, basi. Ndani ya chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kusema ila yeye, na yeye alisema kwa kidole: kidole hiki mkasi, kidole kile pamba. Mgonjwa naye alitakiwa anyamaze. Akianza kuomba Mungu kwa sauti, Daktari alinitazama mimi, nami nilimnyamazisha mgonjwa. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa kuliko nyingine zote.

Kulikuwa pia na Wilondja, aliyenizidi umri kwa miaka kama ishirini. Hakusoma zaidi ya darasa la pili, lakini ndiye aliyeshika kinyago cha etha, na alijua kutazama pumzi ya mtu kama mvuvi anavyotazama rangi ya maji. Mimi nilimwona mzee wa zamani tu. Alinikuta siku moja nabandika ukutani mchoro wangu wa shingo na bega. Nilikuwa nimeunakili kutoka kwenye kitabu cha Daktari kwa wino wa rangi tatu: ateri nyekundu, vena za buluu, mishipa ya fahamu ya manjano, na mtulinga, yaani ule mfupa unaolala kati ya koo na bega, nikauacha mweupe. Ulinichukua Jumapili nne. Wilondja aliusogelea, akautazama sana, akauliza ni wa nani. Nikamwambia si wa mtu, ni wa watu wote. Akasema hajapata kumwona huyo. Nilicheka peke yangu mpaka jioni, nikawasimulia na wengine, eti mzee Wilondja anataka kusalimiwa na mchoro.

Sababu ya mchoro ni kwamba Daktari alikuwa amenifundisha jambo ambalo muuguzi wa umri wangu hakutegemea kufundishwa. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni ikiwa imefungamana kama kamba, ikapita nyuma ya mtulinga, ikashuka kwapani. Ukiichoma dawa ya novokaini hapo juu ya mtulinga, mkono mzima unalala huku mwenyewe yuko macho. Kwa mtu mwenye kifua kibaya, asiyeweza kuvuta etha, hiyo ndiyo njia. Unapapasa mapigo ya ateri, unaingia kando yake kidogo, unateremka mpaka mgonjwa aseme umeme umempiga vidoleni. Kabla ya kusukuma unavuta kijiti cha bomba la sindano nyuma: ikija damu, umo ndani ya mshipa wa damu, toka. Isipokuja, sukuma kidogo, ngoja, vuta tena. Nilikuwa nimeifanya mara sita bila shida. Baada ya ile ya tatu niliacha kuvuta mara ya pili, kwa kuwa sikuona sababu. Huyo ndiye mtu waliyempigia makofi.

Nabindu aliletwa kwa lori kutoka Swima mwanzoni mwa masika. Alikuwa mama wa watoto watatu, mwembamba, mwenye macho ya kucheka hata akiwa na homa. Alikuwa akisafisha kambale, mwiba wa pezi ukamwingia kwenye kiganja cha kuume, chini ya kidole cha shahada. Walimfunga majani, wakangoja. Alipofika mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, na juu ya hayo alikuwa na kikohozi kizito cha wiki mbili. Mume alikuwa ziwani. Aliyemsindikiza ni shangazi yake, Mama Faila, mwanamke mfupi, mpana, mwenye kipara kidogo kwenye paji la uso mahali ukanda wa kapu la mgongoni ulipolala miaka yote. Daktari aliukandamiza mkono, akasikiliza kifua, akatikisa kichwa kuhusu etha. Akaninyooshea kidole, akagusa mtulinga wake mwenyewe. Nilielewa: asubuhi inayofuata nitachoma mimi, yeye atapasua. Alimpa penisilini, akaenda kulala kwa wamisheni.

Jioni ile nilikwenda jikoni kutafuta makaa. Jiko la hospitali lilikuwa bati juu ya nguzo sita, bila kuta, na hapo ndipo ndugu wa wagonjwa walipopikia. Mimi nilichukua makaa yao kwa ajili ya pasi, maana nilipiga koti langu jeupe pasi kila jioni, hata kama hakuna aliyeniona ila wagonjwa. Mama Faila alikuwa akisonga bugali wa muhogo, na sombe yake, majani ya muhogo yaliyotwangwa, ilikuwa imeiva kwa mawese, harufu ikajaa pale chini ya bati. Akanikaribisha. Nilikaa kwenye gogo, nikala, nikiangalia nisichafue shati. Bamama wengine walikuwa wakitaniana kuhusu nani kati yao alimnyima mumewe kichwa cha samaki. Halafu Mama Faila akaniuliza kama ni kweli kwamba kesho nitamchoma Nabindu shingoni. Nikasema si shingoni hasa, ni hapa.

Alitazama kidole changu pale kilipogusa. Akafuta mikono kwenye kitenge chake.

“Munganga, hapo apana,” akasema. “Ule mutoto, upande ya kuume, mushipa yake inapanda juu ya mufupa. Mi njo namutwika mizigo kila siku, namutazama uso kwa uso. Akikaza pumzi apate kusimama na kapu, mushipa inasimama hapa, nono kama kidole. Ya kushoto haiko vile.”

Nilimweleza kwa upole ule wa kuudhi ambao nilikuwa nimejifunza shuleni. Nilimwambia kwamba mshipa ule wa mkono hupita chini ya mtulinga, si juu, kwamba nimeuchora mwenyewe, na akitaka aje auone ukutani. Akasema hataki kuuona wa ukutani, anasema ule wa Nabindu. Nikamwambia kwamba nimemtazama Nabindu leo na sikuona kitu. Na kweli sikuona kitu, kwa sababu alikuwa na homa, hakunywa maji ya kutosha, na alikuwa ameketi wima. Mshipa wa namna hiyo unalala kama mfuko mtupu.

“Umuambie akaze pumzi,” akasema Mama Faila. “Hautapoteza kitu.”

Mwanamke mmoja akasema muache mutoto wa watu, yeye ni wa kitabu. Wakacheka. Na hilo ndilo lililofunga mlango. Kama asingecheka mtu, pengine ningekwenda wodini na kumwambia Nabindu akaze pumzi, jambo la nusu dakika, ningeuona mshipa, na leo ningekuwa mzee wa kawaida asiyeitwa kwenye mikutano. Nimelirudia jambo hili mara nyingi mno na kila mara nakasirika upya. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimekalishwa juu ya gogo na bamama, nikila chakula chao, nao wakaniita mtoto. Nilichukua makaa yangu nikaondoka, nikapiga koti pasi mpaka kola ikasimama yenyewe.

Asubuhi Nabindu alilala mezani akiwa ameinuliwa mabega kwa sababu ya kikohozi. Daktari alikuwa kwenye beseni akinawa mikono, amenipa mgongo. Wilondja alisimama upande wa kichwa ingawa hakukuwa na etha ya kushika. Nilimwuliza kwa macho anafanya nini, akaendelea kutazama kifua cha Nabindu. Nilipapasa mapigo, nikaingia. Umeme ukampiga Nabindu kwenye kidole gumba, akashtuka kidogo tu, kama mtu aliyeguswa na maji baridi, na sindano ikasogea upana wa punje ya mchele. Nilikuwa nimekwisha kuvuta kabla ya hapo, kwa nguvu na kwa haraka, na damu haikuja. Siku hizi najua kwamba mshipa mwembamba na mtupu, ukiuvuta kwa pupa, unajibana kwenye ncha ya sindano kama mdomo uliofumbwa, hautoi kitu. Na baada ya kusogea sikuvuta tena. Nikaanza kusukuma.

Nusu ya bomba ilikuwa imekwenda aliponigeuzia macho. Alisema kwa sauti ndogo, ya heshima, kama mtu anayeomba njia.

“Munganga, mu kinywa naonja chuma. Na masikio inalia.”

Mgongo wa Daktari ukatikisika. Hiyo tu, bega moja lilisogea. Mimi nikamwambia Nabindu anyamaze, Daktari hataki maneno. Nikasukuma nusu iliyobaki.

Maneno yale mawili, chuma na masikio, ndiyo mgonjwa anayoyasema dawa inapoingia kwenye damu badala ya kukaa penye mishipa ya fahamu. Yalikuwa ndani ya kitabu. Niliyasoma, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu. Lakini chumba kile kilikuwa kimenifundisha kwamba mgonjwa anayesema ni mgonjwa mkaidi, na mwanafunzi mwema hujifunza haraka. Leo nikiwasikia vijana wakisema makosa ya zamani yalitokana na kukosa vifaa, nawashwa mwili mzima. Wanacho chombo huko mijini kinachoonyesha mshipa kwenye kioo. Mjukuu wangu amenieleza, nafurahi. Lakini mimi sikukosa kifaa. Nilikuwa nacho hapo mezani, kiko macho, kina ulimi, kinanieleza kwa adabu kabisa jinsi ninavyokiua, nami nikakiambia kinyamaze.

Macho yake yakaenda juu. Taya likakaza, mkono wa kushoto ukaanza kuruka, halafu mwili mzima, mpaka meza ya chuma ikatembea sakafuni. Nilibaki nimeshika bomba tupu. Wilondja alinisukuma kwa kiwiko nikaangukia jiko la spiriti. Alimgeuza ubavu, akamshika asianguke, akangoja mshtuko upite, na ulipopita hapakuwa na pumzi. Akamlaza, akamwinua taya, akaweka kipande cha shashi juu ya kinywa chake, akampulizia pumzi yake mwenyewe kama wakunga wanavyompulizia mtoto mchanga aliyechoka. Daktari alikuja na mikono yake inayochuruzika sabuni, akashika mapigo, akasema kwa mara ya kwanza tangu nimjue neno ambalo halikusikika kama amri. Alisema: endelea. Wilondja aliendelea. Sijui ilichukua muda gani. Nakumbuka jasho la Wilondja likidondoka kwenye shashi, na nje kuku wa jikoni, na sauti ya Mama Faila akiuliza mlangoni ni nini ile inayogonga. Kisha Nabindu akakohoa. Sijapata kusikia kikohozi kizuri kama kile.

Mkono haukulala. Daktari alipasua kidogo tu juu juu, usaha kiasi ukatoka, akaacha. Akaniagiza niandike taarifa, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri.

Nilikaa kwenye meza ya mapokezi. Mikono ilikuwa imetulia. Hilo nalikumbuka kwa aibu zaidi kuliko yote. Niliandika kwa Kifaransa safi kwamba mgonjwa alijitikisa wakati wa kuchomwa, sindano ikahama. Halikuwa neno la uongo moja kwa moja, ndiyo sababu lilikuwa uongo mzuri. Sikuandika kwamba niliambiwa kuhusu mshipa. Sikuandika chuma wala masikio. Daktari alisoma, akaweka sahihi, akatoa uamuzi ambao sikuutazamia: kwamba watu wa vijijini hawawezi kutulia, kwa hiyo sindano ya mtulinga isifanywe tena, Nabindu atangoja kifua kipone, ndipo apewe etha na kupasuliwa vizuri. Akapanda gari kwenda Fizi. Mvua ikakata barabara nyuma yake.

Basi tukangoja. Penisilini ilizuia mkono lakini haikuponya kidole. Kila asubuhi nilifungua bandeji, na kila asubuhi kidole cha shahada kilikuwa cheusi zaidi kidogo kwenye ncha. Nabindu hakulalamika. Siku ya nne, nikiwa nafunga kitambaa kipya, aliniambia kitu ambacho ningependa yule kijana wa kipaza sauti angekisikia.

“Munganga, unisamehe,” akasema. “Banasema mi njo nilijitikisa. Nilijaribu kutulia, lakini mwili haikusikia.”

Nilimaliza kufunga, nikamwambia anywe maji. Jioni nilikwenda kuchukua makaa, na kabla sijafika chini ya bati nilimsikia Mama Faila akiwaeleza bamama kwamba tangu siku ile mtoto wake halali vizuri, anasema amemharibia munganga kazi, amewaharibia na wengine wote watakaokuja baada yake. Mmoja akauliza kama ni kweli alijitikisa. Mama Faila akasema, muntu anayetwikwa kapu ya mihogo na kupanda mulima, mutoto kifuani, asijitikise, sindano itamutikisa? Kisha akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba yeye aliwaambia juu ya mshipa, lakini nani anauliza mama wa jikoni. Nilirudi bila makaa. Koti langu la kesho yake lilikuwa na makunyanzi.

Na bado sikusema. Hapa ndipo watu wanaponikatiza niwasimuliapo, wanasema, lakini mwishowe ulisema. Ndiyo, mwishowe. Nilingoja siku nyingine nne. Njia kweli ilikuwa imekatika, lakini mtu wa miguu alipita kwenda Fizi karibu kila siku, na barua ya mistari mitatu ingefika. Niliiandika mara mbili, nikaichoma mara mbili kwenye jiko la spiriti. Nilijiambia kwamba kifua chake kinaendelea vizuri, kwamba etha itawezekana kesho, kwamba kidole chenyewe ni kimoja. Wilondja alikuwa anajua kila kitu. Alikuwa amesimama pale kichwani, alisikia chuma na masikio kama nilivyosikia. Aliendelea kunipa salamu ya asubuhi, na salamu ile ilinikasirisha kuliko matusi.

Siku ya nane Daktari alifika amejaa matope mpaka magotini, gari ameliacha njiani. Alifungua bandeji mwenyewe. Akanusa. Akasikiliza kifua, bado kilikuwa kinakwaruza. Akaagiza etha hata hivyo, kwa kuwa hakukuwa na namna nyingine, na nikamwona Wilondja akiinama kuchukua kinyago kwa uzito, kama mtu aliyeagizwa kufukua kaburi. Kwa kifua kile, etha ingemmaliza. Sote watatu tulilijua hilo. Ndipo nikasema. Nilisema mbele ya meza, ndani ya chumba cha kimya, nikigugumiza Kifaransa changu chote: kwamba hakujitikisa, sindano ilisogea nami sikuvuta tena, kwamba alinieleza dalili nikamnyamazisha, kwamba shangazi yake alikuwa ameniambia tangu jioni ya kwanza kuhusu mshipa unaopita juu ya mfupa.

Nilitegemea kofi, au kufukuzwa. Daktari alikaa kwenye kiti cha kunawia. Alihesabu kwa vidole, kisha akasema tu, siku nane. Akaniangalia kwa uchovu mkubwa, kama mtu anayetazama paa likivuja baada ya kulipa fundi. Halafu akanituma nimwite mama wa jikoni.

Mama Faila aliingia peku, kitenge kina moshi. Hakuutazama mchoro wangu ukutani hata kwa kupita. Daktari akamwomba, kwa Kiswahili chake cha amri ambacho siku hiyo hakikupata namna ya kuamuru, amwonyeshe. Mama Faila akamwinamia Nabindu, akamshika pande mbili za kiuno kana kwamba anamtwika, akamwambia kama anavyomwambia kila alfajiri njia ya shamba: kaza, mutoto yangu, inuka. Nabindu akafumba mdomo akakaza pumzi. Na mshipa ukasimama pale, wa buluu, mnene, ukitoka begani, ukipanda juu ya mtulinga, ukiingia shingoni, mahali hasa nilipochoma. Upande wa kushoto palikuwa laini. Daktari akaweka vidole viwili juu yake, akaviacha hapo muda mrefu.

“Nilisema,” Mama Faila akasema. Hakumwambia mtu yeyote kati yetu.

Daktari hakuchoma tena pale juu. Alimnyoosha mkono pembeni, akachoma kwapani, chini kabisa ya ule mshipa, yeye mwenyewe, polepole, akivuta kabla ya kila tone. Na alimwamuru Nabindu aseme. Aseme chochote, asinyamaze. Nabindu hakujua aseme nini kwa mzungu, basi Mama Faila akamwuliza habari za watoto, mmoja mmoja, nani ana meno mangapi, nani anaogopa kuku, na wao wawili wakazungumza mwanzo mpaka mwisho, Kibembe na Kiswahili vimechanganyika, mkono ukiwa umelala kama wa mtu mwingine. Kiganja kilifunguliwa, usaha ukatoka wote, mkono ukapona. Kidole cha shahada hakikupona. Daktari alikikata kwenye kifundo cha mwisho chini, akakiweka kwenye beseni, akasema kama angeitwa siku ya pili au ya tatu kingekuwepo. Alilisema kwa Kifaransa, kwa hiyo alikuwa ananiambia mimi peke yangu.

Nilikuwa nabeba beseni kwenda shimo la taka la hospitali Mama Faila aliponizuia kwenye kibaraza. Kwao kilichokatwa kwa mtu hakitupwi pamoja na pamba. Kinazikwa, na mwanamume wa ukoo ndiye anayechimba. Akasema mume yuko ziwani bado, na ndugu wengine wako Lubondja kwenye mavuno, nani atachimba. Nikasema nitachimba mimi. Alinitazama, akakifunga kidole kwenye kitambaa, akaenda kuazima jembe jikoni.

Tulikwenda nyuma ya ua, penye migomba. Nabindu alitaka kuja. Akaketi kwenye kisiki cha mgomba, mkono umening'inizwa shingoni. Ardhi ya pale ni ya pwani, mchanga juu, mawe chini, na jembe liligonga tangu pigo la tatu. Nilichimba nikiwa na koti jeupe. Nikiwa nimeinama hivyo, bila kumtazama Nabindu, nikamwambia kwamba hakujitikisa. Kwamba neno lile nililiandika mimi.

Nabindu akauliza:

“Niliposema chuma, ulisikia?”

“Nilisikia.”

“Na masikio?”

“Nilisikia yote.”

Akavuta kitenge chake juu ya magoti. Nilingoja aseme jambo jingine, la hasira au la msamaha, na mpaka leo sijui ningelibeba lipi kwa urahisi zaidi.

“Basi chimba,” akasema.

Nikachimba mpaka shimo likafika kiwiko changu, nikaweka jembe chini, nikanyoosha mkono kupokea kile kitambaa. Mama Faila hakunipa. Aliinama, akatazama ndani, akapima kwa mkono wake mwenyewe.

“Bado,” akasema. “Hapo imbwa inafika.”

Nikalichukua jembe tena.